Mihuri tisa, na hakuna aliyeuliza kuhusu viatu: barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa mawaziri wa jimbo wenye kushughulikia elimu, utalii na utamaduni,
Kwa wakuu wa shule, mapadre na wachungaji wanaopeleka vijana safari,

Waheshimiwa,

Faili ya safari yetu ilikuwa na mihuri tisa. Niliihesabu usiku, pale mpakani Kasumbalesa, kwa mwanga wa simu, bisi yetu ikiwa imebanwa katikati ya malori ya shaba yaliyojipanga mstari ambao mwisho wake hatukuuona. Humo mlikuwa na idhini za wazazi, orodha ya majina, nakala za pasipoti, kadi za manjano za chanjo, barua ya shule, na risiti za ofisi hii na ile. Kila karatasi imepigwa muhuri, kila muhuri umelipiwa. Lakini katika wiki tano nilizozunguka na faili hiyo kwapani, hakuna hata mmoja aliyeinua macho akaniuliza: Mwalimu, hao watoto watapanda mlima na viatu gani?

Nawaandikia kwa ajili ya swali hilo. Linaonekana dogo. Mkinivumilia hadi mwisho mtaona kwa nini limeninyima usingizi.

Mwisho wa Agosti mwaka jana tulikwenda Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ulioko nchini Zimbabwe, walimu wanne na wanafunzi 26, wote waliobakiza mwaka mmoja kabla ya mtihani wa Serikali. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Lubumbashi: Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Lusaka, kisha Chirundu ambako unavuka mto Zambezi, Harare, halafu Masvingo. Kutoka Masvingo unabakiza karibu kilomita 30 kufika kwenye mawe yenyewe. Wazazi wengine waliniuliza kwa haki kabisa: Mwalimu, mawe hayapo hapa? Mpaka twende kuyatazama ya watu?

Niliwajibu kwa shaba. Mtoto wa Lubumbashi anakua na ule msalaba wa shaba mbele ya macho yake, kwenye mapambo ya ukutani, kwenye vitu vya kuuzia wageni, hata shingoni mwa mama yake, na ukimuuliza ulikuwa wa nini atakwambia ni wa kanisa. Haukuwa wa kanisa. Ulikuwa mali. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wachunguzi walianza kuchimbua mwaka 1957, watu wa kale walizikwa na misalaba hiyo, mingine mikubwa, mingine midogo ya kushikika kwa vidole viwili. Na shaba haikukaa nyumbani. Waliopima shaba za zamani zilizookotwa Zambia na Zimbabwe wamekuta nyingine zilichimbwa kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe kwenyewe, na nyingine zilitoka katika ukanda huu wetu wa shaba. Kwa hiyo malori yale tuliyolala katikati yake Kasumbalesa yalikuwa yanafuata njia ambayo wachukuzi wa miguu waliijua zamani sana. Mwalimu wa historia akipata somo kama hilo barabarani, bila chaki, analipa hata muhuri wa kumi.

Basi tulifika. Na hapo ndipo makosa yangu yanapoanza. Nasema yangu kwanza, kabla sijafika kwenu.

Aliyetuandalia safari alikuwa ametuambia kwamba kile kilima ni "kutembea kidogo tu baada ya chakula". Mimi sikuwa nimewahi kukipanda, nikamwamini. Tukala kwanza. Tukaanza kupanda saa sita na nusu mchana, jua liko utosini, tumbo limejaa, kila kijana na chupa moja ndogo ya maji ambayo nusu yake alishainywa kwenye bisi. Mwenzangu anayefundisha biolojia, mama mtu mzima tunayemheshimu wote, alivaa viatu vyake vya ngozi vya kwendea misa, kwa sababu kwenye ratiba siku hiyo iliandikwa "ziara ya kitamaduni". Na binti mmoja kutoka Kenya (namaanisha Kenya yetu, komini ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi) alivaa kandambili mpya za plastiki ambazo mama yake alimnunulia makusudi kwa safari hiyo. Nzuri, za rangi ya dhahabu. Soli yake laini kama sahani.

Waheshimiwa, ni vizuri mjue kilima chenyewe kilivyo, maana wengi wenu mmekiona kwenye picha tu. Hakitishi kwa urefu. Kinasimama mita 80 hivi juu ya bonde, na wala hatuwezi kusingizia hewa nyepesi, kwa sababu mji wetu huu uko juu kidogo kuliko mahali pale. Kinachochosha ni jinsi njia inavyopanda. Ile ya zamani, waliyopita wenyewe, inapita katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba, na mahali pengine mwanya ni wa mtu mmoja tu. Mtu mnene anageuka ubavu. Mwenye mkoba mgongoni anakwama, anavuta, mkoba unakwaruza ukuta uliokaa pale miaka 700. Ngazi zake za mawe hazilingani: hii ya inchi tatu, inayofuata inafika gotini, na zimesuguliwa na nyayo hadi zinang'aa. Ipo njia nyingine iliyotengenezwa baadaye, pana, inayozunguka polepole. Hiyo hakuna aliyetuonyesha mapema, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Yule binti aliteleza kwenye ngazi ambazo hata sizikumbuki ni za ngapi. Kamba ya kandambili ilikatika, mguu ukaenda peke yake, akashuka ngazi mbili kwa goti. Sikuona alivyoanguka, nilisikia tu kilio na mlio wa plastiki ukidunda kwenye mawe kwenda chini, ta, ta, ta. Goti lilipasuka. Nikafungua mkoba wangu nikakuta faili yenye mihuri tisa. Bendeji hakuna. Pamba hakuna. Kiongozi wetu, mzee wa kule kule, akatoa leso yake mfukoni, akaimwagia maji ya chupa yake mwenyewe, akamfunga binti goti kwa fundo la kitaalamu kabisa. Hakusema neno la kunilaumu. Hilo liliniuma kuliko angesema.

Kwa pesa ya muhuri mmoja tu kati ya ile tisa ningenunua pamba, bendeji na dawa ya kidonda kwa kundi zima, na chenji ingebaki.

Binti alimaliza kupanda pekupeku. Alikataa kurudi. "Profu, nimefika huku mbali, nirudi bila kuona?" Sikuwa na jibu.

Sasa nisiwachoshe kwa kulia. Niliporudi nilipanga kurudi tena, na mwaka huu, mwezi wa sita, nilikwenda na mwenzangu mmoja, sisi wawili tu, kwa gharama zetu, ili nijifunze kupanda vizuri. Hayo niliyojifunza ndiyo ninayowaletea, maana katika ofisi zenu ndiko ruhusa zinakotoka.

Saa kwanza. Kilima ni cha asubuhi. Anayelala Masvingo aamke gizani, awe mguuni mwa kilima saa moja, saa moja na nusu. Miezi ya baridi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, asubuhi kule inauma kweli, vijana watalalamika, watavaa masweta hadi masikioni, waacheni walalamike. Baada ya ngazi hamsini sweta linafungwa kiunoni. Kufikia saa nne jabali limeanza kutema joto, na kufikia saa sita unapigwa na jua mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Na msipeleke watoto kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu kama mnaweza kuepuka. Mvua inapolowanisha lile jabali, ule ukoga mweusi na wa kijani unaokaa juu yake unakuwa sabuni.

Chakula kije baada ya kilima. Asubuhi ni chai, mkate, vitumbua, basi. Bukari, yaani ugali wetu, lisubiri bisi.

Viatu, ndilo neno langu la mwanzo. Mtoto hahitaji kiatu cha bei. Kiatu cha mitumba cha michezo, chenye soli ya mpira iliyochorwa, kilichozoea mguu, kinashinda kiatu kipya cha dukani. Nimebuni jaribio ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya uani: mwaga maji kwenye ubao, uinamishe kidogo, mtoto apande juu na kiatu chake. Akiteleza hapo, atateleza kule. Baada ya safari ile nililifanya darasani na vijana 31. Viatu tisa vilianguka mtihani, vikiwemo vya kwangu. Kamba zifungwe mafundo mawili. Na mama zetu wanaopenda kitenge cha kufunga, tafadhali, siku hiyo moja wavae suruali chini yake, kwa sababu kwenye ngazi zile unahitaji kuona mguu wako unakanyaga wapi.

Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, hata kukiwa na baridi, na nusu yake isiguswe hadi kileleni. Yabebwe mgongoni, ili mikono yote miwili iwe huru. Mtu anayepanda na simu mkono mmoja na chupa mkono mwingine hana mkono. Mkifika kwenye ule mwanya mwembamba, mkoba unavuliwa, unashikwa mbele kama mtoto mchanga. Kuta zile hazina saruji wala udongo wa kushikilia. Jiwe limelalia jiwe kwa uzito wake tu na kwa akili ya aliyelipanga. Ukisukuma moja, hujui ni lipi juu yake lilikuwa linalitegemea. Kwa hiyo marufuku kuegemea, marufuku kukalia, marufuku kupanda juu ya ukuta kwa ajili ya picha, na marufuku kabisa kutia kijiwe mfukoni cha kumwonyesha bibi. Hapo nilikuwa mkali hadi vijana wakaniita jina ambalo sitaliandika.

Chakula chochote mlichobeba kifungwe na kifichwe. Nyani na tumbili wa pale wanajua sauti ya mfuko wa plastiki kuliko mnavyodhani. Mara ya kwanza mmoja alichukua mfuko mzima wa karanga mkononi mwa kijana wetu mrefu kuliko wote, yule anayejidai haogopi kitu. Tuliishi na hadithi hiyo hadi Kasumbalesa.

Mpango wa kutembea: mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma, na wa mwisho asimpite mtu yeyote hata akiombwa. Kuhesabiana chini, katikati na juu. Watu wapande kwa ile njia ya zamani na washuke kwa ile mpya, pana. Sisi mara ya kwanza tulishuka kwa njia tuliyopandia, tukakutana na kundi jingine likipanda, kwenye mwanya wa mtu mmoja, na tulisimama pale tukitazamana kama malori mawili kwenye daraja. Halafu magoti. Vijana hawajui, lakini kilima kinawadai watu wazima wakati wa kushuka. Mama mwalimu wa biolojia, ambaye alipanda hadi juu na viatu vyake vya misa bila kulalamika hata mara moja (nguvu zile sijui anazitoa wapi), alishuka akiwa ameshika bega langu na bega la kijana mmoja, kinyumenyume kwenye ngazi ndefu. Kesho yake hakuweza kupanda bisi bila kusaidiwa. Fimbo ingemsaidia, hata ya mti. Sasa naijua thamani ya fimbo.

Na asiyeweza kupanda asilazimishwe, wala asiachwe kwenye bisi kama mzigo. Bondeni kuna ule uzio mkubwa, ambao ukuta wake unazunguka kwa mita 250 hivi, unafika mita 11 kwa kimo, na pengine una unene wa mita tano. Ndani yake umo mnara wa mawe matupu, hauna mlango, hauna ngazi, umejaa mawe ndani hadi juu. Kutembea humo ni tambarare. Mzee au mwenye pumu atatoka na mengi ya kusimulia kuliko aliyefika kileleni akihema.

Kiongozi wa pale achukuliwe, alipwe, asikilizwe. Msione hiyo ni pesa ya kupotea. Atawasemesha Kiingereza, kwa hiyo mpange mapema nani atafasiri. Lakini kuna mambo hayahitaji mfasiri. Mara ya kwanza, mzee yule aliposimama chini ya kilima akasema jina la nchi yake linatokana na maneno ya Kishona, dzimba dza mabwe, vijana wetu wa Kiluba na Kibemba walishaanza kucheka kabla hajafafanua. Mabwe! Kwa Kiluba jiwe ni dibwe, mengi ni mabwe. Kwa Kibemba ni ilibwe na amabwe. Sisi wa Kiswahili tukabaki na mawe yetu, jirani wa karibu. "Profu, kumbe banasema sawa sisi!" alipiga kelele kijana mmoja. Nyumba za mawe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika kumi kuhusu ndugu wa lugha. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Kisha kileleni. Hapo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo mahali pazuri kuliko pote na ndipo mahali pa hatari kuliko pote, na ni mahali palepale. Unapita ukuta mnene wa upande wa magharibi, wenye vinara na mawe marefu yaliyosimamishwa juu yake, unapita vijia vya kubana, unatokea kwenye jabali lililo wazi. Unatazama chini. Ule uzio mkubwa uliokufanya ujione mdogo asubuhi sasa ni kama kikapu mtu alichokisahau kwenye majani. Hauna pembe hata moja. Vijana wote 26 walinyamaza. Mimi nimefundisha miaka 17, sijawahi kupata ukimya wa namna ile bila kutisha mtu.

Ukimya ulikaa labda dakika moja. Kisha simu zikatoka, na kila mmoja akaanza kurudi nyuma ili aingie vizuri kwenye picha. Kurudi nyuma! Kwenye jabali linaloishia hewani. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Sheria yangu sasa ni hii: kileleni watu wanakaa kwanza. Wanakaa chini, wote, wanakunywa maji, wanatazama kwa macho yao dakika tano. Picha baadaye, kwa zamu, anayepigwa amesimama na haondoki aliposimama; anayepiga ndiye anayesogea, na mwalimu anamshika mkanda. Inachekesha kuiona. Hakuna aliyeanguka.

Wakiwa wamekaa hivyo, ndipo pa kuwafundisha. Kwamba mji ule ulijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Kwamba ndege waliochongwa kwa jiwe laini, ambao mmoja wao leo yuko kwenye bendera ya nchi ile, wengi walisimama juu ya kilima hicho hicho. Kwamba pale iliokotwa sarafu ya Kilwa (ile ya pwani ya Tanzania, si ya hapa kwetu), yenye jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman, na vipande vya vyombo vya Uchina: dhahabu ilitelemka kwenda pwani, na vitu vya pwani vikapanda. Kwamba Mjerumani Karl Mauch alipofika mwaka 1871 aliona ni afadhali aseme ni jumba la Malkia wa Sheba kuliko kukubali wenyeji walijenga. Wachunguzi wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha wazi kwamba ni kazi ya Waafrika, na bado utawala wa walowezi wa Rhodesia, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, uliendelea kulikwepa jambo hilo kwa miaka mingi. Mtoto akiyasikia haya darasani anaandika. Akiyasikia akiwa ameketi juu ya jabali lenyewe, goti limefungwa leso, anauliza. Yule binti wa Kenya ndiye aliyeuliza: "Na yetu sisi, nani alisema si yetu?"

Nimekaa na swali lake mwaka mzima.

Waheshimiwa, sasa mniruhusu niseme ninachotaka, maana barua bila ombi ni porojo.

Nataka karatasi moja. Ukurasa mmoja, Kiswahili tupu, wenye herufi kubwa, utakaoambatanishwa na kila ruhusa ya safari ya vijana kwenda mahali pa kale pa kupanda, iwe nje ya nchi au hapa ndani. Useme saa ya kupanda, viatu, maji, njia ya kwenda na njia ya kurudi, dawa ya kidonda, mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na ile sheria ya kukaa kwanza. Mzazi ausome kabla hajatia sahihi. Leo mzazi anatia sahihi kwamba anakubali mtoto wake aende. Hajui anakwenda kufanya nini. Mama wa yule binti angejua ni ngazi za mawe, asingenunua dhahabu ya plastiki. Alinunua kizuri alichoweza, kwa pesa ya kuuza mkaa, ili mwanawe asiaibike ugenini. Alipoona goti aliniomba radhi yeye. Yeye, mimi!

Nataka pia ofisi itakayopiga muhuri iulize maswali mawili. Nani kati yenu amewahi kupanda pale? Sanduku la dawa liko wapi, nilione? Akishindwa kujibu, muhuri usubiri. Ninajua mihuri mnajua kuisubirisha.

Na watoto wajizoeze. Mji wetu ni tambarare kama meza. Kilima tunachokijua ni kile cheusi cha masalio ya kuyeyushia shaba, kando ya bomba refu la moshi, nacho tunakitazama kwa mbali tu. Kijana wa miaka 17 wa Lubumbashi anaweza kucheza mpira dakika 90 na bado mapaja yake hayajui ngazi. Wiki tatu kabla ya safari, kila jioni, apande na kushuka ngazi za shule mara 20 akiwa na mkoba. Shule isiyo na ghorofa iazime ya jirani. Sisi tuliazima ya parokia, na paroko alituvumilia, ingawa wana kwaya walinung'unika.

La mwisho halihitaji pasipoti. Kabla kundi lolote halijavuka mpaka kwenda kutazama mawe ya wengine, lipitie Makumbusho ya Taifa hapa hapa Lubumbashi, lisimame mbele ya misalaba ya shaba na vitu vya Sanga. Wengi wa wale 26 hawakuwahi kuingia, na wengine wanapita barabara hiyo kila siku. Waziri anayeshughulikia utamaduni na yule wa elimu wanaweza kukubaliana siku moja kwa wiki ambayo wanafunzi wataingia bure na kukuta mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili. Mtoto aliyeugusa msalaba huo kwa macho Lubumbashi ndiye atakayeelewa, akiwa amekaa juu ya kilima kule Zimbabwe, kwamba hakuja ugenini kabisa.

Rasimu ya karatasi hiyo nimeshaiandika, imejaa ukurasa mmoja na mistari minne. Hiyo minne nitaikata mkiniambia ni ipi. Mwezi wa nane ujao tuna kundi jingine, vijana 22, na yule binti ameomba aje kama msaidizi, mtu wa nyuma. Ameshanunua viatu. Vya mitumba, vyeusi, vibaya kwa sura. Amevipima kwenye ubao wenye maji mbele ya darasa zima na havikuteleza.

Faili ya safari nitaileta kwenye ofisi zenu mwezi wa sita, nikiwa na sanduku la dawa mkononi kama mtataka kuliona. Kabla ya hapo niko darasani kila siku hadi saa saba mchana. Mkimtuma mtu kuchukua rasimu, atanikuta.

Kwa heshima,

Mwalimu wa historia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi